Uamuzi wa Kushuka: Hotuba kwa Waongoza Watalii Wapya wa Mlima Kilimanjaro

Ndugu wahitimu, wazazi na walezi mliosafiri kuja Moshi kuishuhudia siku hii, wakufunzi wenzangu, wamiliki wa kampuni za utalii mlioitikia mwaliko wetu, na ninyi wagumu wa mlima, yaani wapagazi wetu, mlioketi safu za nyuma ilhali mlistahili kuketi mbele: nawasalimu nyote kwa heshima kubwa.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya michezo ya ujasiri katika utalii wetu na katika afya za watu. Mada hii ni pana. Ingeweza kutupeleka Paje, ambako vijana wa Zanzibar wanafundisha wageni kuteleza juu ya maji kwa kishada kinachovutwa na upepo. Ingeweza kutupeleka Sagana kwenye mto Tana, au Jinja kwenye mto Nile, ambako watu hushuka na maboti ya mpira katika maporomoko. Baadhi ya mahali hapo nitapagusa. Muda mwingi, hata hivyo, nitabaki hapa nyumbani, kwa sababu ndipo mtakapofanyia kazi, na kwa sababu Kilimanjaro inaonyesha waziwazi kuliko mahali pengine ninapopafahamu kwamba bidhaa ya biashara hii ni uangalizi wa mwili wa binadamu, uwe ni mwili wa mgeni aliyelipa au wa mpagazi anayelipwa.

Wengi wetu tulifundishwa shuleni kwamba Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889. Jambo ambalo halisemwi mara nyingi ni kwa nini walifanikiwa. Meyer alikuwa amejaribu mwaka 1887 akashindwa. Alipokuja tena alipanga kambi kadhaa njiani, na wapagazi wakawa wanapanda na kushuka kuzijaza chakula, ili wapandaji wakikwama siku moja waweze kupumzika na kujaribu tena bila kulazimika kurudi hadi chini. Kumbukumbu za watu wa Marangu zinamtaja mzee Yohani Kinyala Lauwo, ambaye wakati ule alikuwa kijana mdogo, kuwa ndiye aliyeuongoza msafara ule. Kwa hiyo ushindi ule ambao vitabu viliuandika kwa majina ya watu wawili ulisimama juu ya mabega ya watu wa hapa, na hali hiyo haijabadilika hata kidogo tangu wakati huo. Miaka 72 baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimika bendera ya Tanganyika huru pamoja na mwenge katika kilele hicho, nacho kikaitwa Uhuru. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 mlima ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Leo makumi ya maelfu ya watu huja kila mwaka kujaribu kuupanda, na hapa Moshi ni vigumu kupata familia isiyo na mtu anayekula kutokana na mlima huu, awe mpagazi, mpishi, dereva, fundi wa mahema au muuza ndizi wa getini.

Sasa niingie katika kiini cha jambo. Hewa ya kileleni ina sehemu ileile ya oksijeni iliyomo katika hewa ya Tanga au Dar es Salaam, yaani asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, ambao kwenye mita 5,895 ni karibu nusu ya ule wa pwani, na kwa sababu hiyo kila pumzi anayovuta mgeni wenu inamletea karibu nusu tu ya oksijeni aliyoizoea. Mwili unao uwezo mkubwa wa kujirekebisha: mapafu yanapumua haraka zaidi, figo zinabadili utendaji wake, damu inaongeza chembe nyekundu. Lakini mabadiliko hayo yanahitaji siku, na mwili hauangalii mtu amelipa kiasi gani wala ana misuli kiasi gani. Nimewaona wanariadha hodari wakilazwa na maumivu ya kichwa kwenye kambi ambayo bibi wa umri wa kustaafu aliipita akitembea taratibu huku akinywa maji yake.

Wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba mtu akishavuka mita 3,000, mahali anapolala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku 3 au 4 apate siku ya kupumzika. Chukueni sasa njia ya Marangu mwipime kwa ushauri huo. Kambi ya Mandara iko mita 2,720, ya Horombo mita 3,720, na ya Kibo mita 4,720. Kuanzia Mandara, kila siku mgeni anapandishwa mita 1,000 kamili, mara mbili ya kipimo kinachoshauriwa, na usiku wa tatu anaamshwa apande mita nyingine zaidi ya 1,100. Ndiyo maana ile siku ya ziada pale Horombo, ya kutembea hadi Mawe ya Pundamilia kisha kurudi kulala palepale, ni siku yenye thamani kuliko zote katika safari, ingawa kwenye picha za mgeni haitaonekana kuwa na jambo lolote la ajabu. Njia ya Machame inafanya kazi hiyohiyo kwa namna nyingine: mgeni anapandishwa hadi Lava Tower, kwenye mita 4,600 hivi, halafu anateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Wazee waliotufundisha walisema panda juu, lala chini, na sayansi iliyokuja baadaye imewathibitisha.

Hapa ndipo afya na biashara zinapokutana, na nitasema wazi kwa sababu wenye kampuni wamo humu ukumbini. Ada za hifadhi hulipwa kwa siku. Mtu anayetaka kushusha bei ili amshinde jirani yake sokoni anaona njia nyepesi mbele yake, nayo ni kukata siku moja. Mgeni aliyeko Ulaya au Marekani anaona safari mbili kwenye tovuti, moja ya siku 5 na nyingine ya siku 7, anachagua ya bei ndogo, wala hakuna aliyemweleza kwamba siku mbili zilizokatwa ndizo zilizokuwa zimuandalie damu yake. Kisha anakabidhiwa kwa mwongozaji, na mwongozaji ndiye anayeachiwa kutafuta njia ya kumfikisha kileleni mtu ambaye mwili wake haujawa tayari. Naliona hili kuwa kosa kubwa kuliko yote katika utalii wetu wa mlima, kwa sababu hufanyika kimya kimya ofisini, na madhara yake huonekana gizani kwenye mita 5,000.

Niwaeleze usiku wenyewe utakavyokuwa. Mko Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Inakaribia saa tano usiku, mpishi amewasha jiko, maji ya chai yanachemka, upepo unapiga mahema. Mnakwenda hema kwa hema kuamsha wageni. Kabla hamjamfunga mtu taa kichwani, chora mstari ardhini kwa ncha ya fimbo, umwambie autembee, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, hatua kumi kwenda na hatua kumi kurudi. Anayeyumba kama mlevi ilhali hakunywa kitu, huyo ubongo wake umeanza kuvimba, na kwake hakuna mjadala wala kusubiri kukuche. Anashushwa saa ileile. Msikilize kifua. Anayehema hali amekaa tu, anayekohoa makohozi yenye povu, mapafu yake yanajaa maji, naye vilevile anashushwa. Kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitumieni, lakini msikiabudu, kwa maana kidole kilichoganda kwa baridi hutoa namba ya uongo. Namba nzuri isiwafanye mpuuze macho yenu, na vidonge vya kuzuia ugonjwa wa mwinuko visiwafanye mdhani kwamba mgeni amepewa ruhusa ya kukimbia.

Mgeni huyo atawajibu. Atasema amedunduliza fedha miaka mingi, atasema amechangisha fedha za hospitali ya watoto na waliochanga wanasubiri picha, wengine watalia. Msimdharau kwa hilo, kwa sababu maumivu yake ni ya kweli. Dawa yake ni kufanya mazungumzo hayo mapema, jioni ile ya kwanza hotelini, kila mtu akiwa mzima na ametulia: mwambieni kwamba uamuzi wa kushuka ni wa mwongozaji, kwamba hautajadiliwa usiku wa kilele, na kwamba akiukubali sasa atakuwa amewarahisishia kazi wote wawili. Nimeona mara nyingi jinsi mtu aliyeambiwa mapema anavyoshuka kwa heshima, na jinsi asiyeambiwa anavyoshuka kwa matusi.

Mwezi Mei 2024 Kenya ilimpoteza mpanda mlima wake Cheruiyot Kirui, karibu na kilele cha Everest, alipokuwa akipanda bila oksijeni ya ziada. Namtaja kwa heshima zote, kwa kuwa alikuwa mtu wa kwetu aliyependa milima kwa dhati. Namtaja pia kwa sababu hakuwa peke yake. Mwongozaji wake, Msherpa wa Nepal, naye hakurudi. Mnaponisikia nikirudia jambo hili la kushuka, mfahamu kwamba pale mgeni anapoendelea, ninyi mnaendelea naye, na nyumbani kwenu kuna watu wanaowasubiri kama wanavyomsubiri yeye.

Nije kwa wagumu. Sheria ya hifadhi inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Tunajua pia yanayotokea baada ya mizani: mzigo uliopimwa ukiwa umegawanywa kwa watu watano, kona ya kwanza tu unakusanywa kwa watu wanne, na yule wa tano anarudi Moshi. Mwongozaji anayelifumbia macho hilo ameshiriki. Mpagazi huweka kiroba cha mgeni kichwani, begi lake mwenyewe mgongoni, anatangulia kambini, anasimamisha mahema, anateka maji, na mgeni akifika anapokewa kwa wimbo. Jioni hiyo mtazameni miguuni. Viatu vyake mara nyingi ndivyo vinavyosimulia kampuni aliyoajiriwa nayo. Tangu mwaka 2003 mradi wa kutetea haki za wapagazi, unaojulikana kama KPAP, umekuwa ukiwaazima wapagazi nguo na viatu vya mlimani bila malipo hapa Moshi, na ni jambo la kushukuru. Lakini kila koti linaloazimwa pale linatukumbusha kwamba kuna mwajiri ambaye hakuona umuhimu wa kumuuliza mtu wake kama ana kitu cha kujifunika.

Kuna imani moja ambayo ningependa tuiache leo. Inasemwa kwamba kijana wa hapa amezoea mlima, haumwi. Ndugu zangu, Moshi iko kwenye mita 900 hivi juu ya bahari. Kijana aliyeshinda mwezi mzima akiendesha bodaboda mjini anapanda na mwili uleule wa mtu wa tambarare, na ugonjwa wa mwinuko haumuulizi amezaliwa Machame au Manchester. Tofauti yake na mgeni ni kwamba yeye anaficha. Kichwa kinamuuma, ananyamaza, kwa sababu akirudishwa chini anapoteza ujira wa siku zilizobaki na sehemu yake ya bakshishi. Kwa hiyo ule ukaguzi mnaoufanya kwa wageni jioni, ufanyeni na katika hema la wagumu. Waulizeni wamekula nini. Hakikisheni aliyelala pembeni ya mlango ana godoro. Na siku ya mwisho bakshishi itangazwe mbele ya wote, kiasi kwa kiasi, mgeni akiwepo, kwa sababu bahasha inayofungwa chumbani huharibu msafara uliofanya kazi nzuri wiki nzima.

Nirudi sasa kwenye sehemu ya pili ya mada niliyopewa, yaani afya ya watu. Mtu akitafuta faida ya kupanda mlima katika siku ya kilele, hatafanya hesabu sahihi, maana usiku ule ni mateso kwa mwili: hakuna usingizi, hakuna hamu ya kula, baridi inauma. Faida iko katika miezi ya kabla na ya baada. Mgeni anayepanga kuja Kilimanjaro huanza kutembea, kupanda ngazi, kupunguza pombe, na wengi wao wakirudi kwao wanaendelea na tabia hiyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki, na linatuambia kwamba vijana wanne kati ya watano duniani walio mashuleni hawafikii kiwango kinachowahusu. Shinikizo la damu na kisukari vimeshaingia katika nyumba zetu za hapa mkoani, na sidhani kuna mtu humu ukumbini asiye na ndugu mwenye moja ya maradhi hayo. Tunauza afya kwa watu wanaovuka bahari kuja kuinunua, huku mtoto wa Kibosho akiuona mlima kila asubuhi anapokwenda shule na pengine akazeeka bila kufika hata Mandara.

Hili linaniuma, na naamini linaweza kurekebishwa bila fedha nyingi. Viingilio vya wenyeji katika hifadhi ni nafuu sana kuliko vya wageni. Safari ya siku moja hadi Mandara na kurudi, katikati ya msitu, iko ndani ya uwezo wa shule nyingi zikijipanga. Maporomoko ya Materuni hayahitaji hata kuingia hifadhini. Mbio za Kilimanjaro Marathon, zilizoanza hapa Moshi mwaka 2003, zimeonyesha jinsi jambo lililoonekana la wageni linavyoweza kuwa la wenyeji. Leo mnaona ofisi nzima, kwaya nzima, wamama wa vikoba, wote wamevaa fulana wanakimbia. Na kule Paje, vijana waliokua wakiutazama mchezo wa kishada kutoka ufukweni sasa ndio walimu wake. Wanaijua kaskazi na wanaijua kusi tangu utotoni. Walichokikosa ni vifaa na mtu wa kuwaanzishia.

Wapo pia waliotoka katika kazi hii wakafika mbali. Wilfred Moshi, mwongozaji wa mlima huu huu, alikuwa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest, mwaka 2012. James Kagambi wa Kenya, mwalimu wa upandaji milima, alifika huko Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62. Watu kama hao wangetembelea shule zetu za msingi mara moja kwa mwaka, tungepata mengi kuliko tunayoyapata kwenye mabango.

Lazima niseme neno kuhusu mahali penyewe pa mchezo, kwa sababu panaweza kutoweka. Kule Jinja, biashara ya kushuka mto Nile kwa maboti ilianza mwaka 1996, ikawa kivutio kikubwa na ajira kwa vijana wengi. Kisha bwawa la umeme la Bujagali likajengwa, maporomoko ya Bujagali yakafunikwa na maji, na mwaka 2019 bwawa la Isimba likafunika mengine ya chini zaidi. Siwalaumu ndugu zetu wa Uganda. Umeme wanauhitaji, kama sisi tunavyouhitaji. Nasema tu kwamba mchezo wa mtoni ni mali ya mto, na mchezo wa mlimani ni mali ya mlima. Barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima wetu, imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912. Oktoba 2020 moto uliunguza eneo kubwa la mlima huu kwa siku kadhaa, na mliouzima mnakumbuka jinsi matawi ya miti yalivyokuwa ndiyo silaha yenu. Mjadala wa magari ya kamba ya kupandisha wageni mlimani, uliozuka mwaka 2019, nao haujafungwa mioyoni mwa watu. Msimamo wangu ni ule ule: chombo kinachompandisha mtu haraka hadi mwinuko ambao mwili wake haujauzoea, na papo hapo kikapunguza ajira za waliokuwa wakimtunza njiani, hakiendani na haya yote niliyoyaeleza.

Ndugu wahitimu, vyeti mtapokea sasa hivi. Ombi langu la mwisho, kwa ruhusa yenu, ninalielekeza kwa waajiri wenu. Wenye kampuni, tunawafundisha vijana hawa kuushusha mwili unaougua, wa mgeni na wa mpagazi, bila kuogopa mtu. Uoga utakaobaki ni wa mshahara. Wapo waongozaji waliopunguziwa malipo kwa sababu mgeni hakufika Uhuru, na wapo wagumu waliolipwa siku mbili katika safari ya siku saba kwa sababu waliugua. Ninawaomba kabla ya msimu wa Juni haujaanza mwandike katika mikataba yenu kipengele kimoja: kwamba mwongozaji aliyemrudisha mgeni kwa sababu ya ugonjwa atalipwa ujira wake wote, na mpagazi aliyeshushwa kwa ugonjwa atalipwa siku zake zote. Karatasi zipo mezani pale mlangoni, zimeandikwa kwa Kiswahili, nami nitakuwa nimesimama hapo hadi mtu wa mwisho atakapotoka.